Mtaa wa Wakazi wa Kuajiriwa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina shida yoyote, ndiyo maana ina wizara thelathini na nane za kusimamia huko kutokuwa na shida. Jina lake msiniulize. Lilibadilishwa mara ya mwisho wakati wa masika, na hadi naondoka kazini jina jipya lilikuwa bado halijapata kibali cha kutamkwa.

Mimi nilikuwa mwandishi wa jarida la Wizara ya Mapumziko. Kila mwaka serikali ilichagua mume na mke mmoja wa kupigiwa mfano, ikawapeleka likizo ya siku nne katika jiji kubwa la pwani, nami nikawafuata na daftari niandike jinsi walivyofurahi. Haikuwa kazi ngumu. Furaha yao ilikuwa imeshaandikwa na kupitishwa na kamati kabla ya safari; mimi nilijaza majina na hali ya hewa tu.

Mwaka ule walichaguliwa Bwana Mbaruku Mndolwa na mkewe, Bi Mwanaheri, wakazi wa mji mdogo wa bara, mwendo wa siku nzima kwa treni kutoka baharini. Bwana Mbaruku alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu mwembamba na mpole, mwenye mazoea ya kusimama kila aliposikia gari la serikali likipita nje, hata akiwa ndani anakula. Katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi hakuwahi kulalamika. Kamati ilipomhoji, mwenyekiti alimuuliza kama ana malalamiko yoyote.

"Sina, mheshimiwa," alijibu. "Na siku nikiwa nayo nitakuja kwanza kuuliza kama ninaruhusiwa."

Kamati nzima ilisimama ikampigia makofi.

Bi Mwanaheri hakuulizwa kitu. Kitambulisho chake kilionyesha amezaliwa bara, jambo lililomshangaza hata yeye mwenyewe, kwa kuwa alizaliwa katika jiji lilelile la pwani, Mtaa wa Mkunguni, nyumba namba kumi na nne. Lakini mtaa huo ulipoondolewa watu, miaka ishirini na sita iliyopita, serikali ilionyesha busara kubwa: badala ya kuwaacha raia wamezaliwa mahali penye utata, iliwahamishia kuzaliwa kwao kwingine. Yeye wakati huo alikuwa ameshaolewa na kwenda bara. Mama yake, Bi Mize, na kaka yake Shaweji, fundi saa, walikuwa bado palepale.

Wakazi wa Mkunguni walikuwa wamekataa kupisha ujenzi wa hoteli. Asubuhi moja malori yakaja, na kufikia adhuhuri mtaa ulikuwa mtupu. Hoteli yenyewe hadi leo haijajengwa. Taarifa rasmi ilisema wamehama wote kwa hiari na kwa shangwe, wengine bila hata kungoja kuvaa viatu. Barua alizoandika Bi Mwanaheri zilirudi na muhuri mwekundu: MPOKEAJI ANA FURAHA KWINGINE. Kila aliyoandika ilirudi. Halafu ikapitishwa Sheria ya Waliochelewa, inayofafanua kwamba nchini mwetu hakuna mtu aliyepotea. Wapo tu waliochelewa kurudi nyumbani, na kumwombolezea mtu aliyechelewa ni kumkosea adabu yeye na serikali yake. Bi Mwanaheri akaacha kuandika. Mumewe naye hakumwuliza neno, kwa sababu swali lenyewe lingekaribiana mno na malalamiko.

Haya yote alinieleza baadaye. Ndani ya treni niliona tu mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, aliyejifunga kanga vizuri, akitazama dirishani bila kupepesa, na mume akimsomea Kanuni za Likizo.

"Mama Zena, hapa imeandikwa tunatakiwa kushangaa mara sita kwa siku."

"Basi tutashangaa, Baba Zena."

"Na kucheka mara mbili, moja kabla ya chakula cha mchana."

Bi Mwanaheri akageukia dirisha tena. Niliandika: *Wageni walikuwa na utulivu wa furaha.*

*

Jijini tulipokelewa na Bi Eufrasia, Afisa Furaha Daraja la Kwanza, mama mnene mwenye kipaza sauti cha mkononi na tabasamu ambalo lilikuwa sehemu ya sare. Siku ya kwanza alituonyesha Mnara wa Maendeleo Yanayokuja, uliojengwa mapema ili maendeleo yakifika yakute pa kuegemea. Akatuonyesha Ufukwe wa Wananchi, ambao wananchi hawaruhusiwi kuingia wasije wakauchakaza kabla hawajaanza kuutumia. Bwana Mbaruku alishangaa mara sita kwa uaminifu, akihesabu kwa vidole. Bi Mwanaheri alishangaa mara moja tu, mbele ya Soko Kuu, pale alipokuta mahali palipokuwa na mlango wa msikiti wa akina mama pamewekwa sanamu ya afisa akipanda mti.

"Ni nzuri, siyo?" aliuliza Bi Eufrasia.

"Mti gani huo?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Mti wa kisheria," alijibu Bi Eufrasia.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, tulipelekwa Mkunguni. Bi Eufrasia alitusimamisha mwanzo wa mtaa, akakohoa ndani ya kipaza sauti.

"Ndugu wageni! Mtaa huu mkongwe ulisahauliwa na wakazi wake wenyewe, ambao kwa sababu wanazozijua wao waliondoka bila kuaga. Serikali haikukata tamaa. Serikali ilisema: kama watu wa Mkunguni hawataki kuishi Mkunguni, serikali itaajiri watu watakaoishi kwa niaba yao! Leo kila nyumba ina mkazi wake, mwenye cheo, mshahara na likizo. Wanakuja kazini saa mbili asubuhi, wanaishi hadi saa kumi na nusu, kisha wanarudi makwao. Tuelekee..."

Kabla hajamaliza, Bi Mwanaheri alikuwa ameshakata kushoto, akainamisha kichwa kupita chini ya boriti ambayo mgeni asingeiona. Bwana Mbaruku alimkimbilia akamshika mkono.

"Mama Zena, ngoja tuelekezwe njia."

Alisimama.

Ulikuwa mtaa safi mno. Palikuwa na Mpishi wa Harufu, ambaye anakaanga vitunguu kutwa nzima bila kupika chakula. Palikuwa na Mlevi wa Muda, mwenye matumaini ya kuthibitishwa kazini mwakani. Palikuwa na Majirani Wasaidizi wawili waliokuwa wakijiandaa kwa ugomvi wa saa nne, ugomvi wa ndoo ya maji, unaopendwa sana na wageni. Kila mmoja alikuwa na jina la mtu wa zamani limeandikwa juu ya mlango wake kwa rangi ya dhahabu. Kilichonisumbua kidogo ni kwamba walitembea kama watu wanaoumwa. Yule mpishi alikuwa anatumia mkono mmoja, na mwingine ameukunja kifuani. Mmoja wa majirani alishtuka kila mtu aliposogeza kiti. Nikadhani ni uchovu wa kazi za serikali.

*

Juu ya mlango wa nyumba namba kumi na nne paliandikwa: BI MIZE NA MWANAWE SHAWEJI, FUNDI SAA. Bi Eufrasia alitazama saa yake.

"Ingieni mshangae kwa dakika ishirini. Mimi nakwenda kusimamia ugomvi. Juzi waliupunguza."

Tukaingia watatu: mume, mke, nami na daftari langu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya fundi, na ukutani saa nyingi, zote zikionyesha saa nne na dakika kumi kwa sababu ndivyo zilivyokuwa katika picha ya tangazo. Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa miaka thelathini hivi. Pembeni, juu ya mkeka, mwanamke mzee kidogo alikuwa amekaa akitazama ukuta. Mlango ulipolia, yule mwanamke aliinua kichwa ghafla, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja mno:

"Mwanaheri, umefika?"

Bwana Mbaruku alidondosha Kanuni za Likizo.

Bi Mwanaheri alisimama pale kizingitini. Sikuona uso wake, nilikuwa nyuma. Niliona tu mgongo ukinyooka, halafu ukalegea. Akavua viatu. Akaenda mpaka ukingoni mwa mkeka, akapiga magoti.

"Nimefika, mama," alisema.

Yule mwanamke akamtazama kwa hofu. Akamgeukia fundi saa, naye fundi saa akamtazama yeye, kama wanafunzi walioulizwa swali ambalo halikuwemo kwenye kitabu.

"Hapo hapana jibu," alinong'ona yule mwanamke. "Mama, samahani, hapo huwa hapana jibu. Wageni wanacheka, wanapita."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Imeandikwa. Kila mlango ukifunguliwa niseme hivyo." Alijifuta jasho. "Mimi jina langu Leokadia. Natoka milimani huko. Nimeajiriwa hapa mwaka wa sita, Mama Mzaa Chema Daraja la Pili."

"Mwanaheri ni mimi," alisema Bi Mwanaheri. "Bi Mize ni mama yangu. Hii ni nyumba yetu."

Nje, ugomvi wa ndoo ulikuwa umeanza, na wageni wa kundi lingine wakishangilia. Leokadia alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, akaanza kulia bila sauti. Kisha, taratibu, akaeleza, na mimi naeleza kama alivyoeleza, kwani ni jambo linaloonyesha jinsi wizara zetu zinavyoshirikiana.

Wizara ilipotaka kuufufua mtaa, ilishauriwa kwamba wageni wanapenda uhalisia. Lakini uhalisia wa watu wa Mkunguni haukuwepo popote: picha, vyeti na madaftari ya shule vyote vilikuwa vimechomwa. Kumbukumbu pekee zilizobaki zilikuwa katika Idara ya Usikivu, ambayo iliwasikiliza wakazi wote, mmoja mmoja, baada ya kuwachukua, ikaandika kila walichosema na kila walichofanya. Mafaili yakaazimwa. Kila mwajiriwa akapewa faili lake alisome mpaka alijue kwa moyo.

"Kwa hiyo maneno hayo..." alisema Bi Mwanaheri.

"Aliyasema huko walikomweka. Faili linasema: *Kila mlango ukifunguliwa, mtuhumiwa humwita bintiye asiyekuwepo.* Nami nayasema mara sitini kwa siku, mama. Nikiwa nyumbani kwangu, mume wangu akifungua mlango, mdomo unanitangulia. Nayasema tu. Mume wangu ameshachoka, anaingilia dirishani."

Bi Mwanaheri alimgeukia fundi saa. Kijana wa watu alikuwa ameinama, akishika bisibisi asiyojua kuitumia.

"Na wewe ndiye Shaweji."

"Nikodemu, dada. Kwa kazi ndiyo, Shaweji."

"Simama."

Alisimama, akatoka nyuma ya meza. Alichechemea mguu wa kushoto.

"Mguu una nini?"

"Hauna kitu, dada. Wa kwangu ni mzima. Ni wa faili. *Anachechemea mguu wa kushoto kuanzia tarehe tisa.*"

"Malori yalikuja tarehe tatu," alisema Bi Mwanaheri. "Kaka yangu alikuwa mkimbiaji wa shule."

Nikodemu alilamba midomo.

"Kuna la maji pia," alisema. "Natakiwa niombe maji mara tatu kila saa. Wageni wananipa, wanapenda sana, wengine wanapiga picha. Lakini sitakiwi kunywa. Faili halisemi kwamba alikunywa."

Hapo ndipo Bwana Mbaruku alipofanya jambo ambalo halikuwemo kwenye kanuni yoyote. Alichukua mtungi uliokuwa pembeni, akamimina maji ndani ya kikombe mpaka yakamwagika, akampa Nikodemu.

"Kunywa," alisema.

"Mzee, nitaandikwa."

"Kunywa, bwana! Kunywa yote!"

Nilikuwa sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na nadhani hata mkewe hajawahi. Nikodemu alikunywa akamaliza kikombe, macho ameyafumba, na Bi Mwanaheri akamtazama koo lake likipanda na kushuka, mkono wake mwenyewe ukiwa kooni.

"Faili linaishia wapi?" aliuliza.

Leokadia alijibu kwa kukariri, kama mtoto anayesoma sura: "*Mama na mwana wamehamishiwa ghala la chumvi, Ras Kibuyu. Hakuna maelezo zaidi.* La kwangu linaishia hapo. La Nikodemu linaishia hapo. Na ya majirani, nyumba zote. Tumeshaulizana."

Mlango ukalia. Alikuwa Bi Eufrasia na tabasamu la sare. Mdomo wa Leokadia ulifunguka ukasema, "Mwanaheri, umefika?" na Leokadia akaufunika kwa viganja vyote viwili.

"Safi sana!" alisema Bi Eufrasia. "Mmeshangaa?"

"Tumeshangaa," alisema Bwana Mbaruku.

*

Siku ya tatu ratiba ilikuwa na kipengele kiitwacho Uhuru, kuanzia saa tatu hadi saa sita, chini ya uangalizi. Mwangalizi nilikuwa mimi. Asubuhi hotelini Bi Mwanaheri hakugusa chai. Mumewe alisoma kanuni ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta kitu. Mwishowe akazifunga, akazisukuma mbali kama sahani ya chakula kilichochacha.

"Mama Zena," alisema, "Ras Kibuyu iko upande gani?"

Bi Mwanaheri alimtazama mumewe.

"Utaogopa."

"Nimeshaogopa. Miaka yote hii nimeogopa, na wewe umelala pembeni yangu ukijua naogopa, ukaninyamazia. Iko upande gani?"

Wakanigeukia mimi. Nilitakiwa kukataa. Lakini niliangalia mwongozo wa mwangalizi, nikaona mahali palipokatazwa ni pale palipo kwenye ramani na kuwekewa alama nyekundu. Ras Kibuyu haikuwepo kwenye ramani kabisa. Mahali pasipokuwepo hapawezi kukatazwa. Nikawaambia hivyo, na nikajisikia mwanasheria.

Bi Mwanaheri akituongoza, tulitembea kandokando ya vinamasi vya chumvi kwa saa moja chini ya jua kali. Hapakuwa na ghala. Palikuwa na uwanja mweupe, mkavu, na misingi ya mawe ya jengo kubwa imekwenda pande zote nne, na katikati bango jipya la serikali: HAPA HAPAJAWAHI KUWA NA GHALA. Nina hakika nisingejua kama tumefika, isingekuwa bango lile. Chini yake alikaa askari kijana kwenye kiti, chini ya mwavuli mkubwa.

"Mmekuja kuona nini?" aliuliza.

Bwana Mbaruku alijibu mara moja: "Bango."

Askari alifikiri. "Bango linaruhusiwa kuonwa."

Basi tukaliona. Bi Mwanaheri alisogea hadi ndani ya misingi, akavuta kanga kichwani, akafungua viganja. Midomo yake ilianza kwenda. Alisema jina la mama yake. Alisema jina la Shaweji. Kisha akanyamaza, na mimi nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alikuwa anarudi mtaani. Akaanza nyumba ya kwanza kutoka kisimani, akasema walioishi humo; akaja ya pili, ya tatu, akipita mlango kwa mlango kama mtoto anayetumwa kugawa sahani za futari. Bi Hidaya na wajukuu zake wawili. Mzee Tajo wa kofia. Mapacha wa Bi Sikudhani. Nyumba ya tisa, Maulidi mpiga tarumbeta, ambaye alikuwa anamsumbua kila jioni. Bwana Mbaruku alisimama nyuma yake akiitikia "amina" kila nyumba, watu ambao hakuwajua hata mmoja.

Askari alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa mkononi.

"Someni kwa sauti ndogo," alisema. "Natakiwa kuripoti sauti."

Bi Mwanaheri alishusha sauti.

"Mama," askari akasema tena baada ya kitambo, "rudia huyo wa nyumba ya tisa."

"Maulidi mpiga tarumbeta."

Kijana alisema: "Niko hapa mwaka wa pili. Mchana jua likiwa kali hivi, watu wanaongea humu ndani. Wengi. Kuna mmoja anapuliza kitu, kama anajaribu wimbo, anakosea, anaanza upya. Nimeripoti mara mbili."

"Wakasemaje?" aliuliza Bwana Mbaruku.

"Wakaniletea mwavuli."

Tulisikiliza wote wanne. Hapakuwa na upepo. Nami niseme ukweli, kwa kuwa sina tena cheo cha kunizuia: nilisikia. Sijui nilisikia nini. Haikuwa tarumbeta. Ilikuwa kama pumzi ya watu wengi waliobanwa chumba kimoja, wanapoacha kuongea kwa sababu wamesikia majina yao yakiitwa nje. Bi Mwanaheri alilala kifudifudi juu ya chumvi ile, akaweka shavu chini, akalia. Alilia kama mtu anayetapika miaka ishirini na sita. Mumewe alikaa chini kando yake na suti yake ya likizo, akamshika mgongoni, na gari la serikali lilipopita mbali kule barabarani hakusimama.

*

Mhariri wangu mkuu aliniita ofisini wiki iliyofuata. Aliweka kidole juu ya makala yangu.

"Hapa umeandika *alilia*. Furaha yake iko wapi?"

"Sikuiona, mzee."

"Weka *machozi ya furaha*, tumalize."

Nilikaa nikajaribu. Ni maneno matatu tu ya kuongeza, na nilikuwa nimeyaandika mara nyingi maishani kwa ajili ya watu wengine. Nilikaa hadi chai ya saa nne ikaja ikaondolewa. Kisha nikamwambia siwezi. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma kama mgonjwa, akasaini karatasi inayonipa mapumziko ya kudumu. Wizara yetu ilikuwa na utu.

Sikuwa na pa kwenda, nikapanda treni kwenda kwa akina Mndolwa. Niliwakuta wakijiandaa kwa hitima. Mkusanyiko wowote nchini mwetu unahitaji kibali, kwa hiyo nilimsindikiza Bwana Mbaruku ofisi ya mtaa. Karani, bwana mmoja aitwaye Tarimba mwenye miwani minene, alichukua fomu.

"Sababu ya mkusanyiko?"

"Msiba."

"Nani amefariki?"

"Mama mkwe wangu na shemeji yangu. Wa Mkunguni."

Kalamu ya Tarimba ilisimama. "Lini?"

"Miaka ishirini na sita iliyopita."

"Mzee Mbaruku, hao sheria inasema..."

"Najua inavyosema. Nimeitii kuliko mtu yeyote hapa mjini, mpaka wakanipa zawadi. Wamekufa, Tarimba. Mama yake alikuwa anamwita kila mlango unapofunguliwa. Andika msiba. Hayo ni malalamiko yangu, na sijaja kuuliza kama naruhusiwa."

Tarimba alitazama mlangoni, akatazama dirishani. Hakuandika kitu. Hakupiga muhuri. Akairudisha fomu ile ikiwa tupu.

"Siwezi kutoa kibali," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akauliza: "Mnaanza saa ngapi?"

Siku ya hitima tulitandika mkeka mmoja mkubwa uani. Bi Mwanaheri hakutarajia watu. Alipika sufuria moja tu ya wali. Tulikuwa sisi watatu, binti yao Zena na mwalimu wa madrasa aliyekuja akitetemeka. Saa tatu kamili akaingia Tarimba karani, amevaa kanzu, na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alisalimu, akakaa, akafungua lile gazeti. Ilikuwa picha ya msichana wa shule mwenye nywele za kusuka.

"Mdogo wangu," alisema. "Alikwenda kununua daftari. Sijawahi kumsomea."

Bi Mwanaheri aliipokea picha kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya mkeka. Mwalimu alikuwa hajafika hata mwisho wa sura ya kwanza pale mama muuza maandazi wa jirani alipobisha hodi, ana kofia ya mwanawe mkononi. Nyuma yake alikuja fundi cherehani. Nyuma yake wazee wawili ambao hawakuwa wakisalimiana tangu uchaguzi, kila mmoja na jina la mtu wake. Wengine hawakuwa na picha wala nguo. Walikuja wakasema tu jina, wakakaa. Hakuna aliyeulizwa. Zena alikwenda kupika sufuria ya pili.

Kufikia saa tano mkeka ulikuwa umejaa na watu wamesimama mpaka kwenye kuta. Bi Mwanaheri akaniomba niende kwa majirani nikaazime mikeka mingine. Nikatoka. Nyumba ya kwanza niliikuta mlango wazi, hakuna mtu. Ya pili vilevile, kikombe cha chai bado kinafuka moshi mezani. Ya tatu, tupu. Nikakimbia hadi kona ya barabara, nikitafuta malori.

Hapakuwa na malori. Watu walikuwa njiani, mtaa mzima, wanatembea polepole kuelekea nilikotoka, mikeka yao wameiviringisha wameibeba kwapani.